Gumba Nje ya Usukani

Mwanangu Wabiwa,

Mambo ya sabuni, blanketi na maji ya kuchemsha sikuandikii. Shangazi yako ameyasema tangu Jumapili mpaka hata mbuzi wa jirani wanayajua. Mambo ya vijana wa Bukavu, huko unakokwenda kusomea uuguzi, pia namwachia yeye, maana akianza habari hiyo mimi huondoka kwenda kutafuta spana ambayo haijapotea. Wewe umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya. Mimi nimekaa karakanani, nimesukuma misumari na vyuma pembeni ya meza, nikapata nafasi ya karatasi. Ukiona doa jeusi mahali, si chozi, ni grisi. Usinipe sifa nisizostahili.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi tukila. Nilikuambia gari la Baba Sifa linaondoka baada ya siku tatu kwenda Uvira, na nafasi yako iko mbele, karibu na dereva. Uliendelea kumega ugali bila kuniangalia, ukasema: "Papa, mi nitaenda na boti." Nikakuambia ziwa limechafuka wiki hii, na kwamba wavuvi wa Lusenda wametoka kuokoa watu waliokuwa wameng'ang'ania madebe matupu majini. Ukasema umesikia habari hiyo. Kisha ukarudia, kwa upole ule wa mama yako ambao ni mbaya kuliko ukali, kwamba boti itakufaa tu.

Sikuuliza kwa nini, maana najua. Gari la Baba Sifa nimelitengeneza mimi, na kilichokuwa kimeharibika ni usukani. Tangu utoto wako hujapanda kitu kilichopita mikononi mwangu. Ile baiskeli niliyokuundia kwa vyuma vya baiskeli kuukuu uliisukuma kwenda sokoni na kurudi, mzigo juu yake, wewe mwenyewe ukitembea kando. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Niliumia, Wabiwa. Niliumia kila siku ya soko.

Kesho nataka upande lile gari. Nimekwisha kuzika mtoto mmoja, na ziwa hili sitalipatia wa pili kwa hiari yangu. Lakini siwezi kukuambia panda bila kwanza kukuambia jambo ambalo nimelinyamazia tangu ulipokuwa hujui kujifunga kitenge. Likikutosha, utapanda. Lisipokutosha, nitakubebea sanduku mpaka ufukweni na sitatia neno.

Unajua kwamba hapa Baraka hakuna anayeniita jina langu. Lile la ubatizo tuliambiwa tuliache, serikali ilipotaka sote turudi kwenye majina ya mababu. Hilo la mababu liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishi. Mimi ni Baba Lubunga. Ndivyo tulivyo: mtoto wa kwanza akizaliwa, wazazi wanayavua majina yao na kuvaa lake. Siku kaka yako alipozaliwa, mama yako aliniita kutoka ndani, sauti imechoka lakini ina kicheko: "Baba Lubunga, leta maji." Nilitafuta nyuma yangu kuona anaitwa nani. Siku ile nilitembea katika mji huu nikijiona mrefu.

Sasa kaka yako yuko chini ya udongo na jina lake bado linatembea njiani. Mwenye kuleta pampu iliyoziba ananiita kwa jina hilo. Mama anayeuza dagaa wa ndakala ananiita kwa jina hilo. Kila asubuhi naamkuliwa kwa jina la marehemu, na kabla sijaitika kuna kitu ndani yangu kinachogeuka kuangalia kama mwenye jina amekuja nao. Sijaizoea hali hiyo hata leo.

Lubunga alikuwa dereva kabla hajapata ndevu za kunyoa. Tajiri mmoja wa hapa alikuwa na lori la wakati wa Wabelgiji, la pua ndefu, lililokuwa likipanda mlima kwa kulalamika kama mzee aliyeamshwa mapema. Malori yale, usukani wake unapigana na dereva. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, pigo linapanda kwenye fimbo ya chuma, ile inayotoka chini kwenye boksi la usukani mpaka mikononi mwako, na usukani unajizungusha wenyewe kwa nguvu ambayo hukuitegemea. Ukiwa umekunja kidole gumba kwa ndani, vile vyuma vya katikati vinakuja na kukivunja. Kila dereva mzee atakuambia hivyo.

Litazame gumba langu la kushoto. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini limelala upande, nikakuambia lilikanyagwa na ng'ombe wa Bibokoboko. Nimemsingizia ng'ombe wa watu. Lilivunjwa na usukani, nilipokuwa najifunza kuendesha na tayari nilijiona najua.

Kwa hiyo nilipomfundisha Lubunga nilianza na gumba. Kabla ya gia, kabla ya breki. Gumba likae juu ya duara pamoja na vidole vingine, lisiingie ndani kamwe. Nilikaa kando yake na kijiti, na kila lilipoingia nilipiga. Mama yako alisimama mlangoni siku moja akatuangalia, akaniuliza: "Unafundisha mutoto ama unapiga ngoma?" Lakini somo liliingia, na liliingia mno. Baadaye hata akishika mpini wa jembe, hata akishika kikombe cha chai, gumba lake lilikuwa limesimama nje. Tulimcheka sana nyumbani kwa jambo hilo.

Ikaja mvua moja mbaya, barabara ikawa mashimo matupu, na fimbo ya usukani wa lori lile ikapasuka upande wa chini, karibu na boksi. Dawa ya ugonjwa huo ni moja tu: unatoa fimbo nzima, unaweka nyingine. Lakini nyingine itoke wapi? Tajiri alituma watu Bukavu, akatuma Bujumbura, kote akajibiwa ngojeni. Miaka ile vipuri vilikuwa vinakuja kwa maneno, si kwa magari. Kila mtu alikuwa ameambiwa ajipange, basi nami nikajipanga. Nilikata pale palipopasuka, nikatia chuma kizima kwa ndani, nikaivika fimbo bomba kwa nje kama soksi, nikapigilia pini, kisha tukaipeleka misheni kwenye jenereta yao tukaichomelea. Lubunga mwenyewe aliishika isiende upande wakati nachomelea, macho amefumba, ananitukania moshi.

Nilimwambia tajiri kwamba hiyo ni ya kuombea siku. Gari litembee huku chini, kando ya ziwa, kwa mzigo mwepesi, mpaka fimbo mpya ipatikane. Akakubali, na nadhani angetimiza.

Kisha akaja kijana wa ofisi ya chama tawala. Jina lake sitaliandika, wala wewe usilitafute. Alikuwa mkubwa kwa cheo na mdogo kwa umri, suti yake imefungwa mpaka shingoni, na alituita sote sitwayeni, yaani raia, hata pale alipokuwa anatutukana. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja Fizi, na akina mama wa ngoma za chama walitakiwa wapelekwe kumchezea. Akasema gari linatakiwa. Neno lile siku zile halikuwa ombi. Nikamweleza kwamba usukani umeungwa, na barabara ya Fizi ni milima. Akaniuliza kama siku hizi fundi ndiye anayeamua kazi za chama. Tajiri akaitikia, nami nikachukua nyundo.

Lubunga alinifuata chini ya lori. Tulilala chali wawili, tukiangalia ile soksi. Akaniuliza: "Papa, itafika?"

Niliigonga kwa nyundo nikasikiliza mlio wake. Niliitikisa kwa mikono miwili. Nikasema: "Itafika."

Ilifika. Walipanda, wakacheza, mgeni akapigiwa makofi. Ni wakati wa kurudi, jua linaelekea upande, kwenye ile kona ya juu ya mto Mutambala, lori liliacha njia na kulala kwa ubavu wa kulia bondeni. Akina mama waliokuwa nyuma walivunjika mikono na miguu, lakini Mungu aliwarudisha. Aliyekufa alikuwa kaka yako peke yake.

Habari ilinitangulia. Kabla sijafika mahali penyewe, watu niliokutana nao njiani walikuwa wanaangalia chini. Usukani umekatika, walisema. Soksi ya fundi imeachia. Kijana wa ofisi, aliyekuwa amepanda mbele pamoja na Lubunga, ndiye aliyesema hivyo, angali amekaa kwenye nyasi kando ya lori. Mama yako aliyasikia maneno hayo sokoni, kutoka kwa mtu asiyejua anaongea na nani.

Sisi wanaume tulimwosha Lubunga. Nilipewa mikono yake niioshe, kwa sababu walinihurumia wakaona nisiguse kifua. Nikafungua vidole. Nikaosha gumba la kulia, nikaosha la kushoto. Yalikuwa mazima, Wabiwa. Hayana hata mchubuko. Jambo la kwanza lililonijia ni kujivuna: nilimfundisha, na alishika alichofundishwa. Nililia kwa hilo kabla ya kulia kwa kifo chake. Nimelibeba hilo pia, kwamba nilisimama mbele ya maiti ya mwanangu nikajisifu.

Kesho yake tulipotoka makaburini nilipita kwenye zahanati kuwapa pole akina mama. Kijana wa ofisi alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti, na vidole gumba vyote viwili vimefungwa kwa vijiti vya mwanzi. Aliona nilipoangalia. Hakuvificha, maana hakuwa dereva na hakujua vinasema nini. Mimi nilijua. Aliyekuwa ameshika usukani kwenye ile kona alikuwa yeye, amekunja gumba kwa ndani kama anayeshika usukani kwa mara ya kwanza, na mwanangu alikuwa amekaa kulia, upande ambao lori liliulalia. Bila shaka alitaka kuonyesha akina mama kwamba hata kuendesha anajua. Bila shaka Lubunga alikataa kwanza. Mkubwa akikuambia sogea, unakataa mara ngapi?

Nilishuka bondeni na spana zangu, nikafungua fimbo ya usukani. Ilikuwa imepinda kama kiwiko cha mkono. Lakini imepinda juu, kwenye chuma chake cha kiwandani. Soksi yangu ilikuwa nzima. Pini zipo, mchomeleo haukuwa na ufa hata wa unywele. Kabla ya kuitoa niliuzungusha usukani kwa shida, na magurudumu ya mbele yakageuka hewani, kulia, kushoto, yananitii. Nilikaa kwenye majani yale mpaka yakaniwasha.

Wakaniita ofisini. Nilikwenda nikijiambia kwamba nitasema nilichokiona. Kijana yule hakunipigia kelele. Alinipa kiti. Alisema pole ya mtoto, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema: "Fundi, iko njia mbili. Ulikosea kazi, ama ulitumwa na batu ba pori uharibu gari la chama. Chagua moja, mi niandikishe."

Wewe umekua, unajua watu wa pori, wale waasi, ni akina nani na anayehesabiwa mtu wao hupelekwa wapi. Harudi, na nyumba yake haiachwi. Wewe ulikuwa unacheza na vifuniko vya chupa kwenye ukumbi wetu. Mama yako alikuwa amekaa chini na nywele zake za msiba. Nikasema nilikosea kazi. Yeye hakuweza kushika kalamu, karani ndiye aliyeandika, na ingawa najua kuandika jina langu walitaka nitie gumba. Nikatia hili hili lililopinda. Mwenye nguvu mpishe, nilijiambia, na nikampisha.

Nilikaa gerezani Fizi mpaka muhogo ulioachwa mdogo ukawa wa kuchimbwa. Ya humo sikuandikii. Niliporudi, mama yako alikuwa anapepeta unga. Hakusimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia maji yako wapi: "Ile mikono yako njo iliua mutoto wangu."

Ningeweza kumjibu. Tulikuwa peke yetu, na fimbo ilikuwa imefichwa kwa shangazi yako ndani ya gunia. Ningemshika mkono nikamwekea kidole chake kwenye ule mchomeleo. Lakini nilimjua mama yako. Angefunga kitenge kiunoni na kusimama mbele ya ofisi ile kabla jogoo hajawika, na angemwita yule kijana kwa jina, na angemwambia aonyeshe vidole vyake mbele ya watu. Halafu wangemchukua, na wewe ungelelewa na nani? Nikaona bora anichukie akiwa hai. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nikainama, nikasema, "Ndiyo, Mama Lubunga."

Akaniambia nisimwite tena kwa jina hilo. Kabla ya mvua nyingine akaenda kwao Kilembwe. Wewe ulibaki kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na shangazi yako akaja kukaa nawe. Unakumbuka alichokuambia mama yako alipokuwa anaondoka, maana umekitii mpaka leo. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia: "Usipande kitu ya mikono yake."

Sikulaumu kwa kumtii. Nilikuona ukiwa mdogo unatembea kando ya ile baiskeli jua la saa sita, na nilikuheshimu. Lakini mama yako alikukataza kwa ajili ya neno nililoliacha lisimame.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mpaka hapa unaweza kufikiri baba yako ni mtu mwema aliyeonewa. Kijana yule alihamishwa. Alipanda cheo, akaondoka Fizi, akaja mwingine asiyejua habari zetu. Siku hiyo hatari kwa mama yako ilikwisha, au ilipungua kiasi cha mtu kuweza kuongea kwa kunong'ona. Njia ya Kilembwe ilikuwepo. Miguu yangu ilikuwepo. Nikasema nitakwenda kiangazi. Kiangazi kikaja, nikasema ngoja mashine ya mtu ikamilike. Nikasema ngoja mwaka mwingine. Nilikuwa nimeizoea hukumu yangu, Wabiwa, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Na niliogopa. Niliogopa kwamba nikimwambia ataniuliza kwa nini nilimwacha alie peke yake muda wote huo.

Kisha akaja mtu mwenye baiskeli kutoka Kilembwe, akasimama pale nje, akavua kofia. Nilipofika kwao udongo wa kaburi lake ulikuwa umekwisha kupigwa. Ndugu zake walinipa maji ya kunawa na kiti cha pembeni. Nilimwambia kila kitu mama yako siku ile, kwa sauti, nimepiga magoti, mpaka shemeji yangu mmoja akaja kunishika bega akidhani nimechanganyikiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Amekufa akiamini ni mimi.

Na kuna jambo moja baya zaidi, sijamwambia mtu. Uongo ule niliutia gumba mara moja tu, lakini nimeuishi kila siku, mpaka nikaanza kuuamini. Nikiwa peke yangu hapa nasikia lori likibadilisha gia kwenye mlima wa Fizi, natoka nje, hakuna lori. Nasikia mtu chini ya gari ananiuliza itafika? Ndipo najiuliza: je, soksi kweli ilikuwa nzima? Au nilitamani iwe nzima? Nachukua ile fimbo kwenye gunia, napitisha kidole. Nzima. Narudisha. Baada ya siku chache nafanya tena. Mikono yangu inajua ukweli, lakini kichwa kimesikia hukumu ile mara nyingi mno. Ndiyo sababu mafundi wenzangu wananicheka kwamba siungi tena usukani wa mtu. Wanadhani ni majuto. Ni shaka, mwanangu, na shaka ni mbaya zaidi, maana majuto yana mahali pa kukaa.

Baba Sifa alipoleta lori lake, fimbo imepasuka palepale, alitaka nimvike soksi aondoke. Nilimkatalia. Alinung'unika akiapa kwa mama zake wote. Nilitembea mpaka kwenye ghala la zamani la pamba, ambako kuna lori la aina ileile limekufa zamani, kuku wanatagia ndani yake. Nilimwomba mlinzi, nikaitoa fimbo yake nzima, isiyo na kiraka, nikaisafisha kutu, nikaikagua jino kwa jino. Nikaifunga. Sikuifanya kwa ajili ya Baba Sifa. Nilijua ni gari gani litakalokwenda Uvira wiki yako.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu msiba. Nikapanda mwenyewe, nikaendesha mpaka kwenye ile kona ya juu ya Mutambala. Baba Sifa alikaa kulia, anaomba Mungu kwa sauti. Pale kwenye kona gurudumu liligonga jiwe, usukani ukaruka mikononi mwangu, vidole gumba vyangu vikiwa nje. Nikaushika tena. Nikageuza, nikarudi Baraka. Kwa hiyo safari hii sikuambii itafika, Wabiwa. Nimekwenda na nimerudi, ndipo nasema.

Yule kijana wa zamani yuko Bukavu sasa, kwenye ofisi kubwa. Huenda siku moja akaletwa kwenye wodi yenu na homa, kwa maana homa haichagui cheo. Utamjua kwa vidole gumba, nimesikia havikunyooka. Mpe dawa yake sawasawa kama mgonjwa mwingine. Usimwambie wewe ni mtoto wa nani. Mbele ya mtu kama huyo kunyamaza ni ngao, na sikufundishi vingine. Lakini kimya hicho usikipeleke nyumbani kwako. Mimi nilikileta nyumbani, nikakilaza kitandani kati yangu na mama yako, na nikakiita ulinzi. Ukiisha kusoma, karatasi hizi zitie motoni pale jikoni, hata kama shangazi yako atauliza unapika nini.

Ukirudi kutoka kanisani utakuta gunia juu ya kitanda chako. Usishtuke, ni fimbo ya lori la Lubunga. Pitisha kidole pale kwenye soksi, taratibu, pande zote. Sitakuwepo, nitabaki huku nje nikijifanya napanga spana. Kisha uamue. Kama ni boti, sanduku nalibeba mimi. Kama ni gari, basi unapanda kwa ruhusa yangu, na mama yako nitamjibu mwenyewe tutakapoonana. Nina mengi ya kumjibu, hilo moja halitaniongezea uzito.

Umeniambia zamani kwamba humkumbuki kaka yako, hata sura yake, na kwamba unaona aibu kwa hilo. Usione aibu. Ulikuwa mdogo, ulikuwa ukimfuata kila mahali na kuiga kila alichofanya. Asubuhi ya kesho, kabla hujaondoka, shangazi yako atakumiminia chai. Ukiinua kikombe, utazame mkono wako. Gumba lako liko nje, limesimama. Mimi sijawahi kukufundisha hivyo.

Ni mimi,
Baba Lubunga